Polio na risasi: juu ya nini tunavitenganisha tukiongea amani huku Kivu? (uzi mrefu)

Mwana_Birere (Goma), mwanzisha uzi

Salamu ndugu wote, wa Goma, wa Bukavu, na nyinyi wa Lubum (Lubumbashi) mnaotusomaga toka mbali. Niko namalizia TFC, ile kazi ya mwisho ya masomo ya iniversite, juu ya utafiti wa amani, na mi mwenyewe natembea na baiskeli ya mikono maana polio ilinipata nikiwa mdogo, kwa hiyo haya mambo siyasomi kwa vitabu tu. Kuna kitu kimenikaa kichwani na sitaki kiishie kwenye makaratasi ya profesa, nataka tukiongelee humu.

Ni hivi. Kwetu hapa mtu akikuona na magongo swali la kwanza ni vita ao ulizaliwa hivyo? Na jibu utakalotoa ndo linaamua mambo mengi. Ukisema vita, wewe ni mhanga, kuna proje itakuandika, kuna mtu wa ONG, yale mashirika ya misaada, atakupiga picha, utaingia kwenye ripoti. Ukisema polio, ao homa ya utotoni, basi hiyo ni yako na familia yako na Mungu wako. Nimekaa kwenye atelye (warsha) za amani ambako walikuwa na liste (orodha) mbili, wahanga wa vita na walemavu wengine, na hao wengine siku ya pili hawaitwi. Mi nasema ule mgawanyo hauna msingi, na watu wanaosomea amani wangekuwa wa kwanza kuukataa sababu chombo cha kuukatalia wanacho toka 1969.

Mwaka huo Johan Galtung, yule Mnorwe aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani kule Oslo 1959 (amefariki Februari 2024), aliuliza swali ambalo linaonekana jepesi: ukatili ni nini? Hakusema ni kupiga na kuua tu. Alisema ukatili upo pale mwili wa mtu na akili yake vinazuiliwa kufika pale vingeweza kufika. Akatoa mfano wa kifua kikuu. Mtu aliyekufa nacho miaka ya 1700 huwezi kusema ametendewa ukatili, dawa haikuwepo popote. Lakini mtu akifa nacho leo na dawa zimejaa duniani, huo ni ukatili hata kama hakuna mtu aliyemshikia bunduki. Ndo akauita ukatili wa mfumo.

Sasa toa kifua kikuu pale uweke polio. Chanjo ya Salk ilipitishwa 1955, ya matone ya Sabin ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 60. Mtoto wa Masisi, huku vijijini kwetu Kivu, aliyelala mzima na kuamka miguu haina nguvu mwaka 1997, miaka zaidi ya 40 baada ya chanjo kupatikana, huyo alilemazwa na nani? Kituo cha afya kimeporwa mpaka friji ya chanjo, muuguzi amekimbia, balabala imefungwa na wenye silaha, mama yuko porini anajificha na mtoto mgongoni. Hakuna risasi hata moja iliyoingia kwenye ule mguu lakini vita imo mle ndani.

Na wakubwa wa dunia hii wanaijua vizuri. El Salvador 1985 serikali na waasi walisimamisha mapigano kusudi watoto wachanjwe. Kwetu hapa Congo makubaliano ya Lusaka ya kusimamisha vita yalisainiwa Julai 1999, na mwezi wa nane mwaka uleule Umoja wa Mataifa uliomba "siku za utulivu" ili chanjo ya polio ipite nchi ikiwa imekatwa vipande, na ikapita kweli, mamilioni ya watoto walipata matone. Yaani mtoto akiwa bado hajapata polio ni jambo la amani, watu wanaweza hata kuweka silaha chini juu yake. Akishaipata tu, anatoka kwenye dosie ya amani na kuingia kwenye dosie ya huruma. Hapo ndo nakataa.

Upande wa pili kuna hii elimu ya ulemavu, ambayo kwenye iniversite zetu karibu haifundishwi, ukitafuta kozi yake utazunguka sana. Ilianzia kwa walemavu wenyewe Uingereza, chama chao UPIAS mwaka 1976 kiliandika wazi kwamba mwili wenye hitilafu ni kitu kimoja na kulemazwa na jamii ni kitu kingine: ngazi, shule inayokukataa, kazi inayokukataa, sheria inayokufungia ndani. Msomi mmoja wao, Mike Oliver, akaja kuipa jina 1983, mtazamo wa kijamii. Na mmoja wa waliouanzisha huo moto ni Vic Finkelstein, mtu wa Afrika Kusini, wa kiti cha magurudumu, aliyefungwa gerezani kwa kupinga ubaguzi wa rangi kisha akakimbilia Uingereza 1968. Mi sioni kama ni bahati tu kwamba mtu aliyetoka kwenye apartheid ndo alikuwa mbele kusema walemavu wanatengwa kwa mpango wa watu na siyo kwa mapenzi ya maumbile.

Mnaona hawa watu wawili, Galtung na Finkelstein, wanauliza swali moja: nani ao nini kinamshikilia huyu mtu chini? Lakini elimu zao zimekaa kila moja na nyumba yake. Wa amani wanaupenda mwili uliokatwa kama picha, kama ushahidi kwamba vita ni mbaya. Wa ulemavu wanaikataa ile picha, wanasema usinitumie kutisha watu, maisha yangu siyo msiba. Wote wana haki, na fundo liko palepale: tutalaanije kilichokata mguu bila kusema maisha bila mguu hayana maana? Helen Meekosha wa Australia, 2011, aliwaambia wenzake wa nchi tajiri kwamba ule mtazamo wao unasahau kitu kimoja, kwamba kwenye nchi kama zetu ulemavu mwingi unatengenezwa, na vita, na ukoloni, na biashara ya silaha, kwa hiyo huwezi kutukataza kuongea chanzo.

Msinijibu na Mungu atasaidia. Nataka hoja.

Papa_Kadutu (Bukavu)

Mwanangu nimesoma yote, mpaka nimemwita bibi yangu anisomee pale miwani imenishinda. Umeandika vizuri lakini mi nina neno. Mkono wangu wa kushoto haukuondoka na mfumo. Uliondoka na kombora, na kombora lilitoka mahali, na aliyelituma ana jina na ana mkubwa wake aliyemtuma. Ukiweka mimi na mtoto wa polio kwenye liste moja unamsaidia yule aliyenipiga. Atasema ah, vita, mfumo, umaskini, wote ni walemavu tu, tuwagawie unga. Mi nataka siku moja asimame mbele ya jaji. Hiyo sitaki uichanganye na friji ya chanjo.

Mwana_Birere (Goma)

Papa shikamoo, na asante kwa kusoma yote. Neno lako ni zito na sitaki kulizunguka. Galtung mwenyewe anatenganisha ukatili wenye mtendaji unayeweza kumnyoshea kidole na ule ambao mtendaji haonekani. Mimi sisemi tuufute huo mstari kortini. Kortini ubaki, tena uwe mkali. Mbele ya jaji swali ni nani alipiga, na pale kesi yako ni yako.

Ninachokataa ni ule mstari wa korti kuhamishiwa kwenye kila kitu kingine. Mguu wa bandia uulize nani alipiga? Njia ya kupanda kwenye mlango wa shule iulize? Kiti kwenye kikao cha amani kiulize? Angalia Sierra Leone. Kule vita iliacha watu wengi waliokatwa mikono, dunia nzima iliwaona, mkataba wa amani wa Lomé 1999 ukataja wahanga, tume ya ukweli ikaandika ripoti yake 2004 na kupendekeza fidia, ba ONG wakajenga nyumba za waliokatwa viungo. Haki yao kabisa, tena na wao walilalamika kwamba fidia ni kidogo na imechelewa. Lakini watu wa polio wa mji uleule wa Freetown walibaki kulala kwenye majengo waliyojivamia wenyewe, wanafukuzwa leo, kesho wanarudi. Amani ilikuja ikawagawa watu waliokuwa wanaomba pamoja kwenye balabala moja. Rwanda jirani nao 2007 walitoa sheria mbili, moja ya walemavu kwa jumla na nyingine ya waliokuwa wapiganaji wakabaki na ulemavu. Sheria mbili, na mtu anajiuliza yuko kwenye ipi.

Mama_Ndosho (Goma)

Nyinyi wanaume mnaongea mikono na miguu tu. Mi nina binti kiziwi, alizaliwa hivyo, kwa hiyo kwa ile liste yenu yeye siyo wa vita. Sasa sikieni. Nyiragongo ikilipuka 22 Mei 2021, tangazo la kuhama mji lilikuja siku chache baadaye kwa redio na televisheni, binti alikuwa anaangalia midomo ya watu na hajui kinachokimbiwa ni nini. Hiyo ni volkano, sawa. Lakini kwenye bariere ya askari wakimwambia simama, yeye hasikii. Anaendelea kutembea. Mnajua mtu anayeendelea kutembea mbele ya askari usiku anafanywa nini? Toka vita irudi mi simwachi atoke peke yake na ana miaka ya kutosha kujitegemea. Mwaka 2024 tulipokaa na ndugu zetu waliokimbia kule kambi ya Bulengo, wakati wa kugawa chakula waliita majina kwa mdomo, mwenye hasikii anapita liste inaisha. Na Februari 2025 makambi yakafungwa, watu wakaambiwa rudini kwenu, mwenye kiti cha magurudumu arudi Masisi na nini juu ya yale mawe na matope?

Kwa hiyo usimwambie mtu binti yangu siyo wa vita. Vita haikumfanya kiziwi lakini vita ndo imefanya ukiziwi uwe hatari ya kufa.

Mwana_Birere (Goma)

Mama, sentensi yako ya mwisho ningepewa ruhusa ningeiweka kwenye TFC bila kubadilisha hata neno. Ndo kitu watafiti wa amani hawakipimi. Wanahesabu mapigano, wanahesabu waliokufa, wanahesabu waliokimbia. Hawahesabu aliyebaki nyumbani sababu hakuna wa kumbeba. Kitongoji chote kinaandikwa "kimehamishwa" kumbe kuna mzee asiyeona amebaki na jagi la maji.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu 16% ya watu wote duniani wanaishi na ulemavu mkubwa. Weka hiyo kwenye mji wetu uliojaa waliokimbia halafu uniambie kama ni kikundi kidogo cha pembeni.

Kamalondo_Direct (Lubumbashi)

Jambo ba ndugu ba Kivu, pole na bile biko bintokea kule. Miye niko Lubum, kwetu vita haiko kwa mlango sasa lakini bantu ba polio beko bengi mu centre-ville na kila mutu anapita tu. Swali langu: haya yote njo ya ba Galtung na ba Oliver, bazungu ba Ulaya. Kwetu Leta iko na sheria gani? Juu bila sheria tutazunguka na ba nadharia mpaka kesho.

Mwana_Birere (Goma)

Yaya wa Lubum, sheria ipo, tena siyo moja. Konstitisyo ya 2006 kifungu cha 49 kinawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu (2006) Congo iliingia 2015, na kifungu chake cha 11 kinasema nchi inapaswa kuwalinda kwenye vita na majanga, hakiulizi ulemavu ulitoka wapi. Halafu kuna sheria organiki ya tarehe 3 Mei 2022, ya kwetu kabisa, ya kulinda na kuinua haki za mtu anayeishi na ulemavu. Mwisho wa mwaka uleule, Desemba 2022, ikatoka sheria iliyounda FONAREV, mfuko wa fidia kwa waliobakwa kwenye vita na wahanga wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Ukiziweka hizo mbili za 2022 kwenye meza moja unaona ule mgawanyo wangu tena: moja ina haki bila mfuko unaoeleweka, nyingine ina mfuko lakini mtoto wa friji iliyoporwa hana pa kuingilia. Na huku Goma toka mwisho wa Januari 2025, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa AFC/M23, sheria ya Kinshasa unaisomea wapi na unaipeleka kwa nani?

Kuhusu bazungu, nimekusikia. Ila hata wao walisukumwa na wenye maisha yao. Aprili 2019 Nujeen Mustafa, binti wa Syria aliyekimbia vita akiwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka Ujerumani, aliongea mbele ya Baraza la Usalama, mlemavu wa kwanza kufanya hivyo pale. Miezi miwili baadaye, 20 Juni 2019, Baraza likapitisha azimio 2475, la kwanza kabisa juu ya walemavu kwenye vita, na linataka washirikishwe kwenye kuzuia vita, kupatanisha na kujenga upya. Wanawake walipata la kwao, 1325, mwaka 2000, vijana 2250 mwaka 2015. Sisi ndo wa mwisho, na humu Goma ukiuliza mratibu wa proje ya amani kuhusu 1325 anakuimbia kama wimbo wa kanisa, ukiuliza 2475 anakuangalia tu.

Mzigo_Barriere (Goma)

Mi sina shule kubwa lakini nataka kuongeza. Sisi wa baiskeli za mikono tunavusha mizigo pale mpakani Petite Barrière toka zamani, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, nyanya, kabichi, unga, chochote mama muuzaji anakupa. Wanasiasa wakitukanana sisi tunavuka. Mnyarwanda ananipa mzigo wake bila karatasi sababu ananijua na mi namjua, na mdogo wangu anayesukuma nyuma analipwa, na mama wa soko anapata bidhaa. Juni 2022 mambo yalipochafuka pale mpakani saa ya kufunga ikaletwa saa tisa mchana. Siku zile mwenye miguu alikuwa anakimbia anapata safari zake. Mimi na lile pandisho, ikifika saa tisa nusu ya siku ilikuwa imekufa na watoto hawajala.

Walikuja watu wa utafiti, wakaniuliza nilipataje ulemavu. Swali la kwanza. Nikawajibu. Wakaandika wakaenda. Hakuna aliyeniuliza pale mpakani nani anamwamini nani, nani anasuluhisha mtu wa Goma na mtu wa Gisenyi wakigombania franga. Hiyo kazi tunaifanya sisi.

Mwana_Birere (Goma)

Kaka Mzigo, umesema kitu ambacho mi nilikuwa natafuta nimesoma vitabu na sikukipata kimeandikwa. Nyinyi mna ujuzi wa amani na mnaulizwa ujuzi wa majeraha. Kama utakubali nakuja pale, siyo saa za mizigo, jioni baada ya mpaka kufungwa, tukae uniambie ile ya kusuluhisha inavyoenda hatua kwa hatua. Jina lako halitaandikwa.

Mzigo_Barriere (Goma)

Njoo. Jumamosi siyo, tunakuwa na kikao cha wenzangu. Siku ingine yoyote. Na uje na swali la saa tisa pia, uliandike.

Papa_Kadutu (Bukavu)

Nimerudi. Mambo ya mguu wa bandia na mlango wa shule, nakubaliana nawe, visiulize. Hata mi mwenyewe pale Heri Kwetu, kituo cha walemavu hapa Bukavu, nilikaa na watoto wa polio na hakuna aliyetubagua. Lakini mwanangu hujajibu neno moja na wewe ndo umelifungua na zile sheria za Rwanda. Yule aliyerusha kombora, tuseme na yeye vita ilimkata mguu. Kwa hoja yako yeye na mimi ni wamoja, wote tumeshikiliwa chini. Nikae naye kwenye benchi moja?

Mwana_Birere (Goma)

Papa, hilo limenikalisha kimya muda. Kwenye karakana ya Shirika la Umoja hapa Goma, pale wanapotengeneza miguu ya bandia kwa msaada wa CICR (Msalaba Mwekundu wa kimataifa), anayekuja anapimwa mguu. Hawapimi ulivaa sare gani. Mi naamini hapo wako sawa, na naamini yule mtu akinyimwa mguu, atarudi porini kwa wale watakaompa kazi ya kukaa na redio na bunduki. Programu ya kuwarudisha wapiganaji kwenye maisha ya kiraia ikimsahau aliyekatwa viungo inaacha mtu mwenye hasira na bila kazi katikati ya kijiji. Lakini kukaa naye benchi moja ni wewe, siyo azimio wala profesa. Sina haki ya kukuambia uketi.

Papa_Kadutu (Bukavu)

Sawa. Apimwe mguu wake, mi nitangoja zamu yangu nje. Kortini nitamsubiri palepale mlangoni. Na mambo ya kusamehe msinipangie, siyo nyinyi wa amani wala nyinyi wa ulemavu.

Mama_Ndosho (Goma)

Papa amesema. Birere, lini mtaweka mtu wa lugha ya alama kwenye hivyo vikao vyenu? Binti anauliza, anasoma huu uzi hapa pembeni yangu.

Mwana_Birere (Goma)

Kikao cha kwanza ni cha jioni na kaka Mzigo, naomba yeye binti ndo aje atuonyeshe namna gani tupange kukaa ili aone midomo na mikono, na nitatafuta mkalimani kabla sijapanga siku. Mama, nikuandikie kwa siri tupange saa ambayo kurudi hakutapita bariere usiku.